Neno Ambalo Kipaza Hakulisema

Pale kiwanda cha mablanketi, mitambo ya kufuma ikishawaka, watu huongea kwa mikono na kwa macho, maana sauti ya binadamu haipiti. Ila ya mtu mmoja. Alikuwa mfumaji wa siku nyingi, mrefu, kifua kama ngoma, akiita "Uzi umekatika!" mwanzo wa banda, anayehusika huko mwisho anageuka. Wenzake wakampachika jina la Kipaza, likamganda, hata mkewe akawa analitumia akitaka kumtania. Walipotafuta mjumbe wa kuwasemea mbele ya wakubwa, hawakupata tabu. Mwenye sauti alishajulikana.

Kazi kubwa ya kwanza ya ujumbe wake ilikuwa mfuko wa afya. Hapo nyuma wafanyakazi walikatiwa bima kwenye kampuni moja ambayo kila mwaka ilipandisha ada, na kila mwaka ilipunguza inachokubali kulipia. Ikafika siku mama mmoja wa idara ya kusokota nyuzi akarudishwa kutoka mapokezi ya hospitali akiwa na mtoto anayetetemeka kwa degedege, kisa kadi inasomeka hivi na kompyuta inataka vile. Mtoto alipona, lakini maneno hayakupoa. Mkurugenzi wa kiwanda, mwanamke asiyepoteza maneno, akakaa na wenzake wa kiwanda cha sabuni na cha mabomba ya saruji, wote wamechoshwa na kampuni ileile, wakakata shauri kuanzisha mfuko wao wenyewe. Usingekuwa na mwenye hisa wala wa kugawana faida. Kitakachobaki mwisho wa mwaka kingerudi kwenye matibabu. Na ungeongozwa na bodi: wakuu wa viwanda vitatu, mjumbe mmoja wa wafanyakazi kutoka kila kiwanda, na daktari aliyeajiriwa kuusimamia.

Wafanyakazi waliposikia wakaguna. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walisema huyu ni nyoka yuleyule, kajivua gamba tu. Aliyewageuza ni Kipaza. Wakati wa kubadilishana zamu alipanda juu ya robota la pamba akawaambia kwamba mfuko huu ni wao, si wa tajiri, na atakayeuua si mwizi bali ni mtu anayeumwa akakaa kimya mpaka ugonjwa ukakomaa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" akasema, na banda zima likamwitikia. Kisha akashuka kwenye robota polepole, ameshikilia koti lake kwa mbele. Walioona walidhani ni heshima ya mtu mzima.

Kumbe mficha maradhi alikuwa yeye.

Ulianza uvimbe mdogo kama yai, upande mmoja, hauumi. Akasema moyoni utarudi ulikotoka. Haukurudi. Ukakua taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekuja kukaa, mpaka ukawa mzigo wa kutembea nao miguu imeachana. Ugonjwa huo mbele ya watu wa heshima huitwa mshipa, na wanaume wakiwa peke yao huuita busha, na kwa jina lolote lile husindikizwa na kicheko. Kipaza alizijua zile hadithi zote za kuchekesha. Nyingine alizitunga yeye, enzi za ujana.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na suruali zote za mumewe alizishona yeye. Zilipoanza kubana, Kipaza hakuthubutu kumwomba azipanue, maana fundi lazima angeuliza zipanuliwe wapi. Akanunua mbili pana za dukani, akaziweka kabatini kazini. Usiku alizima taa kabla ya kuvua nguo, akalala ameuelekea ukuta. Mke akaona suruali zisizotoka kwenye cherehani yake, akaona taa inazimwa, akaona mgongo. Akajumlisha. Siku moja, wanakunja nguo, akamuuliza bila ugomvi huyo mwanamke ni nani. Kipaza angeweza kukana. Alipima aibu mbili zilizokuwa mbele yake, akaona ya kuitwa mzinzi ndiyo nyepesi. Akanyamaza, na mkewe akaendelea kukunja.

Basi bodi ikakutana kupanga mfuko uanze na matibabu gani, kwa sababu mwaka wa kwanza usingeweza kubeba kila kitu. Walikutana kiwanda cha mabomba, chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachodondoshea maji kwenye ndoo. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Aliwapitisha kwenye uzazi, malaria, sukari, presha, wakakubaliana bila shida. Wakafika kwenye upasuaji. Akataja kidole tumbo, akataja ngiri, akataja mtoto wa jicho, na kwa sauti ileile akataja mabusha.

Mjumbe wa kiwanda cha sabuni aliitwa Povu, bonge la mtu, mcheshi, asiyeweza kuliacha neno kama hilo lipite hivihivi. "Daktari," akasema, "huo si ugonjwa, hiyo ni mali. Mtu akifika nao ukweni anawekewa viti viwili." Meza ikaangua kicheko. Hata mkuu wa kiwanda cha mabomba aliyekuwa anasinzia alizinduka akacheka bila kujua anacheka nini.

Daktari alingoja wamalize. Akaeleza kuwa upasuaji wake ni mfupi, mtu hurudi kwake kesho yake, na kwamba wenye shida hiyo hawasemi mpaka wasemewe. Kisha hakumgeukia Povu. Alimgeukia Kipaza.

"Mjumbe, watu wako unawajua. Kwenu wapo?"

Kipaza alisikia joto likimpanda kutoka shingoni. Akisema wapo, ataulizwa ni akina nani. Wakiulizana, macho yatashuka chini ya meza kutafuta. Aliona kama yameshaanza kushuka. Akacheka, akajikaza kisabuni, na ile sauti ya bandani ikamtoka yote.

"Kwetu hakuna, Daktari. Mfumaji anakimbizana na uzi kutwa nzima, huo mshipa utamkamata saa ngapi? Hayo ni ya wanaokaa."

Wakacheka tena. Mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye neno, hakuna aliyekuwa nalo, na upasuaji ule ukaachwa mpaka hapo utakapoonekana unahitajika. Daktari akavaa miwani yake, akamtazama Kipaza kidogo, akahamia kwenye meno.

Mfuko ukaanza, na ukaanza vizuri. Mama wa degedege alijifungua salama mtoto mwingine bila kuulizwa chochote mapokezi. Watu walimpa Kipaza pongezi, na yeye akazipokea.

Kulikuwa na mtia rangi mmoja, mtu wa makamo, mpole, aliyezeekea kwenye yale mapipa mpaka mikono yake ikawa ya buluu hadi kwenye viwiko. Walimwita Nili. Siku moja alimngojea Kipaza nyuma ya banda la rangi, pale mfereji unapotoa maji mekundu leo na ya kijani kesho. Kipaza alimwona kwa mbali alivyosimama, miguu imeachana, uzito wote kwenye visigino, akajua kabla hajaambiwa. Mgonjwa humjua mgonjwa mwenzake.

"Kaka, nina jambo la aibu," Nili akasema, anatazama mfereji. Akaeleza kwamba amekwenda kwenye dirisha la mfuko, na binti wa pale kwa upole kabisa akamwambia mshipa haumo. Alipouliza sababu, akaambiwa bodi iliona hakuna wenye shida hiyo. "Sasa wewe ukiwaambia yupo mmoja, si watasikia? Jina langu usilitaje. Sema tu yupo."

Kipaza akamwahidi. Na alipoahidi alikuwa amekusudia kweli, hilo halina ubishi. Lakini mkutano ulipofika, Mkurugenzi akauliza nani ana jambo jingine, Kipaza akafungua mdomo, ng'ambo ya meza Povu akamkonyeza kwa mazoea yake ya kukonyeza kila mtu, na Kipaza akajikuta anauliza habari za foleni ya duka la dawa. Mkutano uliofuata hata mdomo hakuufungua. Nili hakumsumbua. Wakipishana getini aliinua macho kidogo, akayashusha, basi. Kipaza angeona afadhali atukanwe.

Mwishowe Nili alimwuliza, tena kwa kuomba radhi. Na hapo, mbele ya yale mapipa yanayotoa mvuke, Kipaza akasema neno ambalo baadaye alitamani angekatwa ulimi kabla hajalitoa.

"Nimesema, ndugu yangu. Nimepigana sana. Wamekataa."

Nili alimshika mkono kwa mikono yake miwili ya buluu, akamshukuru. Alisema kujaribu ndiko kufanya, na kama wakubwa wamekataa, yeye atajua la kufanya.

Alichojua kufanya ni kumwendea mtu mmoja aliyekuwa na kichumba nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, aliyejigamba kuwa aliwahi kufanya kazi hospitali bila kusema aliifanya kazi gani. Huyo akamchoma sindano nene, akamtoa maji, akamfunga kitambaa, akamwambia arudi kazini kama kawaida. Nili akarudi kazini kama kawaida. Baada ya siku chache walimkuta ameanguka kando ya pipa, mwili unawaka moto, anaongea maneno yasiyoeleweka. Gari la kiwanda likamkimbiza hospitali. Madaktari wakakuta nyama imeoza, wakaikata, wakarudi wakaikata tena. Mfuko ulilipia yote bila kuuliza, kwa kuwa sasa ilikuwa dharura.

Habari zilipofika bandani, Kipaza aliiacha mitambo ikiwaka akaenda kusimama chooni, mlango kaufunga, mkono ukutani. Hakulia. Alitaka tu mahali pasipo na mtu wa kumwita mjumbe.

Lakini mjumbe lazima aende kumtazama mgonjwa. Alikwenda. Nili alikuwa kitanda cha pembeni karibu na dirisha, amekonda, mikono ya buluu imelala juu ya shuka nyeupe. Pembeni mkewe, aliyeitwa Mama Pacha, amekaa kwenye kigoda cha hospitali na kikapu miguuni. Yeye na Kipaza walikuwa hawajapata kuonana ana kwa ana. Alipoambiwa huyu ndiye Kipaza, aliinuka, akamshika mikono, na machozi yakamtoka.

"Shemeji," akasema, "mume wangu aliniambia. Kwamba pale mezani kwa wakubwa wote walimpa kisogo, wewe peke yako ukampigania. Hata kama walikataa. Mimi sina cha kukulipa, nakuombea tu. Kila siku nakuombea."

Kipaza akatamani ardhi ipasuke immeze. Akaitikia kitu ambacho hata yeye hakukisikia. Na alipoinua uso, akamwona daktari wa mfuko amesimama mguuni mwa kitanda, miwani mkononi, amefika hapo nani ajuaye tangu lini. Daktari aliyekuwepo kwenye kila mkutano. Daktari aliyejua nani alisema nini pale mezani na nani hakusema.

Ingetosha aseme neno moja. Hakulisema. Alimuuliza Nili kama amelala vizuri, akatazama kidonda, akamwambia Mama Pacha maendeleo ni mazuri. Kisha, kama anayekumbuka jambo dogo, akasema, "Mjumbe, ukimaliza nipitie."

Alimpitia. Ofisi ilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha kupimia na dirisha linaloangalia ukuta. Daktari alifunga mlango. Kipaza akangoja kukaripiwa, na kusema kweli alikutamani kukaripiwa.

"Mimi ndiye niliyemwua yule," akasema.

"Hajafa," daktari akamjibu. "Amepoteza upande mmoja na ataishi. Usijipe msiba usio wako, utakusahaulisha ulio wako." Akamwonyesha kiti. Kipaza akakaa kama alivyozoea, ukingoni, miguu imetanuka, koti mapajani. Daktari akamtazama anavyokaa, na sauti yake ikashuka. "Siku ile mezani, unajua kwa nini nilikuuliza wewe?"

Kipaza akatikisa kichwa.

"Nilikuona unavyopanda ngazi. Nikasema huyu ana sauti, na hili linamhusu, nikimfungulia mlango ataingia na wenzake wote. Nilikosea. Nilipaswa kukuita pembeni, nikakuuliza mbele ya watu. Hilo ni langu, nami nitalibeba. Lililobaki ni lako."

Kipaza alifunika uso kwa mikono. Kumbe muda wote alioficha, alikuwa anawaficha watu ambao wengine wao walishaona. Na yule aliyeona hakucheka. Alimnyooshea mkono, yeye akautemea mate. Daktari akamwambia apande kitandani ampime. Akapanda. Hakuwa tena na cha kulinda.

Jioni ile alimkuta mkewe kwenye cherehani anamalizia sare za shule. Hakungoja taa izimwe. Alimwambia akiwa amesimama mlangoni, maneno yanatoka vipandevipande: ugonjwa, suruali za dukani, Nili, uongo. Mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Kwanza akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepotewa na akili kidogo.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Mimi nimekaa hapa nikimtafuta. Kanisani, sokoni, kwa wateja wangu. Nimempimia gauni mama wa watu huku nimemshuku, namchoma na pini makusudi." Kicheko kikageuka. "Ulijua naumia. Ulijua, ukaona afadhali niumie mimi kuliko uonekane wewe."

Kipaza alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza ya cherehani, na mkewe akamaliza sare zote bila kusema naye. Alipomaliza ya mwisho akachukua futi ya kitambaa, akamwambia asimame. Akampima kiuno, akampima paja, akampima na kule ambako hakuwahi kuambiwa apime, kwa mikono ya fundi, bila huruma wala kejeli. "Huwezi kwenda kwenye mkutano wao na suruali za dukani," akasema.

Mkutano ulikuwa kiwanda cha sabuni, harufu ya mafuta na magadi imejaa mpaka kwenye chai. Kipaza hakungoja kipengele cha mengineyo. Aliomba nafasi mwanzoni, akasimama, na wote walijiweka tayari kwa ile sauti. Ikatoka sauti ndogo, ya mtu anayeongea na mgonjwa. Mkurugenzi akamwomba arudie. Kuna aibu ya kusema jambo, na kuna aibu ya kulirudia kwa kuwa hukusikika; Kipaza alipewa zote mbili.

"Nimesema ninayo. Mabusha. Ninayo mwenyewe, ni miaka sasa. Daktari aliponiuliza kama kwetu wapo, nikasema hakuna, nami nimeyakalia."

Alingoja kicheko. Alikuwa amekiandalia mgongo kama mtu anayesubiri fimbo. Hakikuja. Walitazama meza, chupa za maji, kucha zao. Mtu mmoja akakohoa. Akaona kwamba kicheko alichokiogopa muda wote huo, kikampotezea mwenzake sehemu ya mwili wake, hakikuwepo; au kilikuwepo kwa mtu asiye na sura tu, na mtu akisimama mbele yao na jina lake wanashindwa kucheka. Lingempa faraja hilo kama angeligundua mapema. Sasa lilimtia aibu zaidi, kwa sababu lilimwonyesha alichoogopa kilikuwa kidogo kiasi gani.

Mkurugenzi akasema upasuaji ule uingizwe kuanzia siku hiyo. Hakuna aliyepinga. Ikachukua muda mfupi kuliko kumimina chai.

Walipotoka, Povu alimfuata ukumbini. Alitembea naye mpaka wenzao wakatangulia, na kwa mara ya kwanza Kipaza alisikia jamaa huyo akitafuta maneno.

"Bwana mkubwa," Povu akasema. "Huyo daktari wa kupasua. Anaumiza?"

Kipaza akamtazama. Povu akatazama pembeni, akivuta shati lake pana kwa mbele, namna Kipaza alivyolijua vizuri.

"Ndiyo maana hadithi zote nazianza mimi," Povu akasema. "Anayesimulia hachunguzwi."

Wote wawili walipasuliwa wiki ileile, vitanda viwili vinatazamana, na baada yao wakaja wengine: watatu kutoka kwenye mitambo, mlinzi wa geti, dereva wa mkuu wa kiwanda cha mabomba. Bandani sifa zikamrudia Kipaza maradufu. Walisema mjumbe wetu ni mwanaume, kasimama mbele ya wakubwa akajitaja mwenyewe kwa ajili yetu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Uchaguzi wa wajumbe ulipokaribia alisema hagombei tena. Wakadhani anajishusha.

Nili alirudi kazini akiwa hawezi kuinua ndoo. Wakamhamishia kukunja na kufungasha. Kipaza alimfuata huko siku ya kwanza, akamwambia yote, amesimama kati ya mablanketi yaliyopangwa mpaka darini. Kwamba hakupigana. Kwamba hakusema hata neno. Kwamba yeye ndiye aliyesema kwetu hakuna.

Nili aliendelea kukunja. Alikunja blanketi zima, akalilaza, akalipapasa likalala sawa.

"Ungeniambia tu kwamba ulishindwa kusema," akasema. "Ningekwenda mwenyewe kwa yule daktari. Ningeona haya, lakini ningekwenda. Sikwenda kwa sababu uliniambia wamekataa." Akavuta blanketi jingine. "Sina ugomvi na wewe. Mimi najua kuogopa ni nini. Ila nenda ukamwambie mke wangu. Mimi siwezi kumwambia. Ukimsikia anavyokuombea, huwezi."

Kipaza alikwenda Jumapili. Nili na familia yake walikuwa wakiishi chumba na sebule, mlango wa pazia, kuta zimepakwa buluu ile ile ya kiwandani. Mama Pacha alifurahi kumwona mpaka akapaza sauti kuwaita wanawe waje kumwamkia mjomba. Pacha wakaja, wakamwamkia, wakarudi nje. Akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamletea maji kwenye glasi ya wageni, akaketi kwenye mkeka na ungo wa mchele anaouchambua. Akamwuliza hali ya mkewe, hali ya kidonda, akasema shemeji umepungua, hawakulishi huko?

Akamwambia.

Alimwambia polepole, hakujitetea, hakuacha kitu. Alipofika kwenye neno lile la mbele ya mapipa, vidole vya Mama Pacha vikasimama kwenye mchele. Baadaye vikaendelea. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. Akatoa kingine. Nje pacha walikuwa wanagombania baiskeli, mmoja anasema zamu yangu, mwingine anasema bado.

Kipaza alingoja. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa kilio. Alikuwa tayari hata kwa msamaha, na huo ndio alioogopa kuliko vyote. Mama Pacha hakumpa kimojawapo. Alichambua mpaka mchele ukaisha, akaupepeta mara mbili, akainuka kwa kushika goti.

"Maliza maji, bwana," akasema. "Nataka kuosha glasi."

Kipaza akayanywa yote, akamkabidhi glasi kwa mikono miwili, akatoka.